Biti ya Furaha na Komunike za Wafu

Siku ya ine, tarehe kumi na saba, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilipiga tangu asubuhi, ikapumzika saa tano. Jua ikatokea juu ya Mweso kama mukubwa anayekuja kufungua mukutano: ikaonekana, ikaenda. Kisha ukungu ikarudi kufanya kazi yake.

Leo nimestaafu, nimerudisha funguo ya radio. Vijana tunaofanya nao kazi waliniomba niandike mambo ya miaka yangu pale, eti wajifunze. Sina hakika watajifunza nini. Niliacha masomo mwaka wa pili wa sekondari na hakuna mwalimu aliyelia. Vyeo sitaandika, kwa kuwa nilipata kimoja tu, mukubwa wa tekiniki, siku tekinisie mwenzangu alihamia Goma nikabaki peke yangu. Mushahara pia sitaandika. Si vizuri kuchekesha watu mwanzoni. Nitaandika juu ya muziki ya wafu, kosa yangu, na mwanamuke mumoja anaitwa Furaha. Nikimuonea mutu katika maandiko haya, anisamehe. Nikijionea mwenyewe, hapo nimekwisha kuzoea.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Papa Anselme, mutu mufupi mwenye sikio moja zima. Lile lingine lilikuwa limechoshwa na kasike, kile kisikizio cha kuvaa kichwani. Alinionyesha meza ya kazi: mashine mbili za kaseti, mikro moja iliyovalishwa soksi, na kalamu ya biki ya kurudisha kaseti nyuma, kwa sababu kitufe cha kurudisha kilikufa zamani, mbele nifike. Vitufe vingine, alisema, ni vya kupendeza meza. Halafu aliniambia kwamba tunaweza kukosea habari, tunaweza kukosea michezo, hata mahubiri tunaweza kuyakata katikati na Mungu akaelewa. Lakini saa saba ya mchana hatukosei.

Saa saba njo saa ya komunike za vifo. Kwetu familia moja inaweza kuwa na baba hapa Mweso, bibi Masisi, mutoto mukubwa Walikale kwenye machimbo, na shangazi kule Hombo ku barabara ya Kisangani, kila mutu pale miguu ilimufikisha. Simu haishiki kila pahali. Kwa hiyo mutu akikufa, familia inaleta karatasi ku radio, Mama Jeanne anaisoma kwa ile sauti yake ya shule ya masista, na vilima vyote vinajua. Na mbele ya jina kusomwa, tunaweka muziki bila maneno.

Papa Anselme alijifunza hiyo kwa gharama. Zamani aliwekea shemasi mumoja wimbo mutamu, na mbele ashushe sauti, muimbaji alikuwa amekwisha kusema mara mbili kwamba pombe njo rafiki wa kweli. Familia ya shemasi ikakuja ku radio. Walikuwa watu wa adabu, walivunja dirisha moja tu. Tangu siku ile kanuni ikawa hii: sekonde makumi ine za muziki bila maneno, shusha sauti, jina mara mbili, kijiji, pahali pa kilio, kata. Mimi niliifanya kanuni ile siku zote za kazi yangu. Mukono wangu wa kuume unaweza kuhesabu sekonde makumi ine hata nikiwa nimelala. Bibi yangu wa ndoa, Mama Vumilia, ni shahidi.

Kaseti ilikuwa ya kinanda. Nani alikipiga, hatukujua. Ikianza tu, kutoka soko ya Mweso mupaka kule juu kwenye malisho ya ngombe, mama anatua sufuria, fundi wa kinga, zile baiskeli, anabaki ameshika nati mukononi, na watu wanakauka. Tuliwafundisha vizuri kabisa: muziki bila maneno, kuna mutu amekufa.

Sasa, katika nchi iliyofundishwa hivyo, Papa Deo akaleta lebo ya muziki bila maneno.

Sitamuchekelea Papa Deo, ao nitamuchekelea kidogo tu, kwa kipimo anachostahili. Alikuwa ameishi Goma, akarudi na ordinatere, yaani kompyuta, visanduku viwili vya sauti, na neno "projekti". Alikodi chumba nyuma ya mashine ya kusaga mihogo, akatundika magodoro ku kuta, akaita lebo yake Kibuyu. Alitaka kutoa kompilasio, mukusanyo wa hip-hop isiyoimbwa na muziki ya elektroniki, ya vijana wa Masisi na Walikale, wale waliokuwa wanatengeneza biti ndani ya simu zao. Mimi baada ya komunike nilikuwa huru, nikaenda kumusaidia na sauti.

Nilimuuliza kwa nini hakuna maneno. Akasema ukiimba Kihunde, kuna mutu atauliza kwa nini si Kinyarwanda. Ukiimba Kinyarwanda, yule mwingine atauliza kwa nini si Kihunde. Ukiimba Kiswahili, watauliza unawaficha nini wote wawili. Ukiimba Kifaransa, hakuna atakayeuliza kitu, watakuwa wamekwisha kurudi nyumbani. Nilitafuta kosa ndani ya maneno yale, sikuona. Papa Deo alikuwa na akili nyingi. Kilichomukosa ni kusikiliza radio saa saba.

Kazi ya studio ilikuwa na shida moja yenye jina la mashine ya kusaga. Ikiunguruma, mikro inasikia mihogo tu. Kwa hiyo tulishika sauti siku mashine imeharibika. Mama wa mutaa wanalia hawana unga, siye tunakimbia na mikro tunamushukuru Mungu. Njo maana kompilasio ikaitwa Mashine Imeharibika. Kijana mumoja wa Hombo alituletea sauti za breki za malori. Mwingine wa Pinga alishika sauti ya pikipiki inayokataa kuwaka, akaifanya ngoma, na niseme kweli, mimi nilidharau nikidhani nimeletewa pikipiki kutengeneza, lakini ilikuwa nzuri.

Furaha alikuja na biti moja. Yeye ni mwanamuke wa familia ya wafugaji, kule juu, anateremusha maziwa na mashanza, yale ya kuganda, kila asubuhi ndani ya bidoni za plastiki. Umri wake si wa mutoto. Alikuwa na watoto wawili na kasike moja. Biti yake ilianza na kibuyu cha kusukia maziwa, kile cha nyanya yake: inatikisika polepole, shwa, shwa, na chini yake sauti moja nzito inayovutika. Inaenda hivyo karibu dakika moja, bila haraka yoyote. Halafu tu njo ngoma zinaingia, na hapo mutu hawezi kukaa. Aliiita Asubuhi ya Maziwa. Papa Deo aliisikia, akaomba irudiwe, na hakutaja projekti hata mara moja.

Nilitia biti ile ku kle yangu ya USB ili niisikilize vizuri nyumbani. Hapo bado sikuwa na kosa.

Wiki ile ile, ku radio, mashine ikakula kaseti ya kinanda. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi na karatasi tano za wafu zilikuwa juu ya meza. Papa Anselme alikuwa amekwisha kustaafu, na hata angekuwapo, kaseti ilikuwa imetoka kama matumbo ya kuku. Nilitafuta ndani ya ordinatere ya radio muziki yoyote isiyo na maneno. Nilipata wimbo wa kutangaza sabuni tu. Mama Jeanne alikuwa amekwisha kuvaa miwani. Nikaweka kle yangu, nikaweka kibuyu cha Furaha.

Na ilifaa. Hiyo njo ubaya yake. Shwa, shwa, sauti nzito chini, sekonde makumi ine kama imekatwa na fundi. Mama Jeanne akasoma tano zote, na mwishoni akafuta macho, yeye asiyeliaga. Nikajiambia: leo tu. Kesho yake nikajiambia tena leo tu. Ile "leo tu" ilifanya miaka miwili.

Sikumuuliza Furaha. Nilijiambia ni kumutangaza. Kumutangaza bila kutaja jina yake, kazi ngumu, lakini mimi niliiweza. Mara moja moja niliuliza roho yangu kama huu si wizi. Ikanijibu iko na kazi nyingi.

Yeye hakujua, kwa sababu saa saba alikuwa njiani anapanda na bidoni tupu. Alianza kuona tu kwamba watu wamebadilika. Siku moja alikuwa anauza mashanza ku soko, simu yake inapiga biti yake, na mama mumoja akaacha kikombe kikaanguka, akamushika mukono, akamuuliza: "Nani?" Furaha akasema nani nini. Yule mama akasema usinifiche, dada, ni kaka yangu? Tangu siku ile wateja walikuwa wananunua maziwa kwa mwenzake wa pembeni. Hata mama yake mwenyewe alimutumia neno kutoka Pinga, kule ambako radio yetu inafika siku ya mawingu kidogo: aache kutengeneza muziki ya kuzika watu, kuna watoto ndani ya nyumba.

Ikafika siku ya kuchagua biti za kompilasio. Tulikaa mu studio, Papa Deo, Furaha, miye na wale vijana wawili. Mashine ya kusaga ilikuwa muzima, kwa hiyo tulikuwa tunaongea kwa kelele kama wagomvi. Papa Deo akasema, akiangalia magodoro, kwamba Asubuhi ya Maziwa ni nzuri, lakini itabidi itoke. Hawezi kupeleka watu sanduku ya maiti na kuwaambia wacheze. Sikuona kosa hapo pia.

Furaha hakulia. Aliuliza tu: "Ni nani alipeleka biti yangu ku radio?"

Kijana wa Hombo akaangalia kijana wa Pinga. Mimi nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, kelele ilikuwa nyingi. Nataka musome vizuri kwamba nilinyamaza kwanza, nikahesabu, mukono wangu unajua, karibu sekonde makumi ine. Halafu nikasema ni miye.

"Papa Bonane," akasema, "weye?"

Nikasema kaseti iliharibika. Akasema kaseti iliharibika siku moja. Nikasema njo vile.

Halafu akatueleza kitu hatukujua. Kile kibuyu hakiko tena. Wakati walikimbia vita, mara ya mwisho, kilianguka kutoka ku pikipiki kikavunjika, na nyanya yake alipita juu ya vipande bila kugeuka. "Kibuyu kingine kiko," akasema, "lakini sauti yake iko kando, si ile. Ile ya nyanya iko mule tu, ndani ya biti, na Papa Bonane ameipatia wafu. Mukiitosha inje ya kompilasio, itabaki ya wafu paka mwisho. Mimi sitatengeneza ingine. Nitauza maziwa, kama kuna mutu atayanunua."

Nilisema mbele ya wote kwamba biti inabaki, tena ya kwanza, na miye njo nitasimama siku ya kuonyesha kompilasio na kuwaeleza watu. Papa Deo alikubali haraka sana; kosa yenye mwenyewe anayejulikana ni kitu kizuri kwa lebo.

Siku ya yenga, baada ya misa, ukumbi wa paruasi, ule wa kanisa, ulijaa. Mimi nilikuwa nyuma ya meza ya sauti, na mufukoni karatasi niliyoandika mara sita. Papa Deo alianza kwa kueleza historia ya muziki ya elektroniki ya dunia nzima, kwa Kifaransa. Watu walivumilia, tumevumilia mengi. Kisha akanionyesha mikro. Ninyi vijana munaosema ku mikro kila siku mutacheka, lakini miaka yangu yote nilikuwa mutu wa nyuma ya kioo. Sauti yangu haikuwahi kupita ndani ya kable hata siku moja. Niliitwaa mikro, nikaona nyuso, na nikaiweka chini. Nikafanya kitu pekee ninachojua. Nilibonyeza biti.

Shwa, shwa.

Ukumbi wote ukasimama. Wanaume wakavua kofia. Mama mumoja muzee wa mbele, kiti cha kwanza, akaweka mikono kichwani na kuanza kulia pole pole, kwa akiba, mbele ya kujua ni nani. Papa Deo alikuwa na rangi ya unga. Sekonde makumi ine zikafika na mukono wangu ukaenda wenyewe kushusha sauti, na hapo mukono wa Furaha ukakuja juu ya wangu, baridi kama bidoni.

"Papa, acha iendelee."

Hakuna jina lililosomwa. Watu wakaanza kuangaliana. Hakuna mutu pale aliyewahi kusikia kinachofuata, kwa sababu kwa miaka miwili mimi nilikata pale pale kila siku. Sauti ile nzito ikavutika, kibuyu kikazidi mbio, na ngoma zikaingia. Sekonde mbili, tatu, ukumbi uliganda. Halafu mutu mumoja nyuma akasema, si kwa kelele: "Kumbe si mutu wetu." Mwingine akasema: "Hakuna aliyekufa." Kicheko kikaanza upande wa wanawake, kikatembea. Yule mama muzee alikuwa amekwisha kutumia machozi. Hakuyafuta, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akacheza nayo usoni. Waliomba irudiwe. Waliomba mara ine. Breki za malori za yule kijana wa Hombo hazikupata hata nafasi ya kufunga, na nilimuomba radhi.

Kompilasio ikapita ku kadi za simu, na Papa Deo akaipandisha ku internet kutoka juu ya kilima, kazi ya siku tatu. Kuna mutu wa mbali aliandika chini kwamba biti ya kwanza inamusaidia kulala. Nafurahi kwa ajili yake.

Ku radio nilikuwa nimetosha biti ya Furaha siku ile ile ya ukumbi. Nikatafuta kinanda ku internet, na ndani ya kile kinanda kulikuwa ndege wanaimba. Wiki mbili tu, familia zikaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mwalimu mumoja. Alisema baba yake tumemutangaza kama bei ya maharagi. Mama wengine watatu hawakupoteza wakati na sisi, walimupandia Furaha kule juu na bidoni zao, wakanunua maziwa, wakakaa, wakamuomba awarudishie muziki ya wafu wao. Kaka zao na mama zao walikwenda na muziki ile, walisema, na hawataki wanaofuata waende na ndege.

Jana Furaha akakuja ku radio. Nilikuwa nazungushia kasike kable yake kwa mara ya mwisho. Hakukaa.

"Ninabarudishia ile muziki," akasema. "Lakini isikatwe. Jina ya mufu mara mbili, halafu mupandishe sauti paka mwisho, na ngoma zake. Na jina yangu isomwe."

Nikasema nitamuambia Mama Jeanne.

"Hapana. Mama Jeanne hakuniibia. Jina yangu utaisema weye, kesho, mbele ustaafu."

Nilimueleza kuhusu ukumbi, na karatasi, na kwamba mimi si mutu wa mikro. Akasema aliona, alikuwa karibu. Akaondoka.

Kwa hiyo leo saa saba kulikuwa karatasi moja tu, muzee wa upande wa Walikale, kilio kiko Mweso kwa binti yake. Niliweka kibuyu. Nilihesabu. Nilishusha, nikaisimamisha pale. Mama Jeanne akasoma jina mara mbili, na kijiji, na pahali pa kilio. Halafu akatosha miwani na kunisukumia mikro, na soksi yake mupya. Karatasi sikuwa nayo, na nadhani ni vizuri.

Nilisema: "Muziki hii ni ya Furaha, mwenye kuuza maziwa. Mimi Bonane njo niliitwaa miaka miwili bila kumuuliza. Sasa ametukubalia. Hatutaikata tena."

Nikaiachilia, nikapandisha sauti, nikatoa mukono ku meza, nikauweka chini ya paja ili usikumbuke kitu. Ngoma zikaingia. Kwa dirisha niliona fundi wa kinga amesimama na nati yake, na mbele iishe alikuwa ameanza kuifunga, kwa kufuata ngoma. Simu ikaita. Nilijua ni matusi. Ilikuwa ile familia ya muzee, binti yake, na nyuma yake nilisikia radio yao na watu wengi. Aliuliza kama kesho tutaipitisha tena. Nikasema komunike ni mara moja. Akasema yeye haulizi komunike. Ni vile watoto hawajasikia mwisho vizuri, mama wengine walikuwa wanapiga makofi.

Nikaacha funguo kwa Mama Jeanne, nikapita sokoni. Furaha alikuwa hajapanda bado, anafunga bidoni. Nilimuuliza kama alisikia. Akasema alisikia, na kwamba nilisema mbio sana. Halafu akanipimia mashanza litre moja, na akaniuzia kwa bei ya watu wote.

Jioni tulikula bugali ya mihogo, sombe na maharagi ya Masisi, na mashanza yale baada yake. Mama Vumilia alisema ni mazito kuliko ya siku zote.